Nyambizi na Askari wa Bara: Kuzama kwa Khedive Ismail, 1944

Historia ya Vita Vikuu vya Pili, kama ilivyozoewa kusimuliwa katika Afrika ya Mashariki, ni historia ya nchi kavu. Husimuliwa habari za Moyale na Mto Juba, za Amba Alagi na Gondar, za Madagaska, na hatimaye za bonde la Kabaw na misitu ya Burma. Bahari ya Hindi hutajwa kama njia tu: askari walipandishwa melini Kilindini, wakashushwa Colombo. Hata hivyo, mojawapo ya misiba mikubwa kabisa iliyowapata askari wa sehemu hizi haukutokea jangwani wala msituni. Ulitokea kwenye maji, mchana kweupe, tarehe 12 Februari 1944, na uliletwa na chombo ambacho wengi wa waliokufa hawakupata kukiona. Chombo hicho ni nyambizi.

Kiswahili kilikuwa na neno manowari, lililotoholewa kutoka Kiingereza, tangu zamani za meli za Waingereza kupiga doria pwani. Manowari ilionekana. Ilikuwa na milingoti au dohani, na mzinga wake ulisikika hata shambani. Nyambizi ni kitu cha namna nyingine. Nguvu yake yote ni kutoonekana, na hata mtu wa Lamu au Pemba, aliyezaliwa na bahari mlangoni, hana ujuzi wa ubaharia wa kumkinga nayo. Basi mtu wa bara asemeje? Katika Masimba, kwenye vilima vya Nyaribari katika nchi ya Wagusii, bahari iko mbali mno, mwisho kabisa wa reli. Katika Ekegusii neno enyancha hutaja ziwa na bahari pia, na kwa mtu wa huko enyancha iliyo karibu ni Ziwa Viktoria, lenye ng'ambo ijulikanayo na wavuvi wajulikanao.

Vita vya Wazungu havikuwa vigeni katika nchi hiyo. Wagusii walikuwa wamepigwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1905 na tena mwaka 1908, na mwezi Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana mjini Kisii kwenyewe. Katika vita vile vya kwanza vijana wengi walichukuliwa kuwa wapagazi. Vita vya pili vilipokuja, serikali iliwatumia tena machifu kutafuta watu. Nyaribari katika miaka hiyo ilikuwa chini ya Chifu Musa Nyandusi. Waliojiunga walipelekwa Keya, au katika vikosi vya kazi, au katika vikosi vya mizinga na magari. Wengine walivutwa na mshahara, wengine walisukumwa. Ni vigumu kupima kiasi cha hiari iliyokuwamo katika hiari hiyo, na mwanahistoria asikubali upesi maelezo ya kwamba wote walikwenda kwa mapenzi ya Mfalme.

Kambini walikutana na watu wa makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, yaani kile Kiswahili cha jeshini walichokiita Kikeya, chenye sarufi iliyopunguzwa na amri nyingi. Wataalamu wa lugha wamekizoea Kikeya kukidharau. Lakini ndicho kilichomfundisha kuruta wa Kigusii na kuruta wa Kinyasa kuutumia mzinga mmoja bila kuuana, na si haki kukihukumu kwa vipimo vya utenzi.

Nyambizi zilikuwa zimekwisha kufika karibu. Mwezi Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, na baada ya hapo kundi la manowari za Waingereza la mashariki lilihamishia makao yake Kilindini. Pamoja nalo walikuja wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya adui, nao wakapewa majengo ya shule ya Allidina Visram mjini Mombasa. Katika madarasa yale, kabla ya mwaka ule kwisha, walifumbua siri za mawasiliano ya meli za biashara za Kijapani. Watu wa Mombasa walipita nje ya ukuta ule kila siku bila kujua yaliyokuwa yakitendeka ndani.

Usiku wa tarehe 30 Mei 1942 nyambizi mbili ndogo sana za Kijapani, kila moja ikiwa na watu wawili, zilitumwa katika bandari ya Diego Suarez, kaskazini ya Madagaska. Manowari Ramillies iliharibiwa, na meli ya mafuta British Loyalty ikazamishwa. Nyambizi kubwa zilizozibeba ndogo zile, pamoja na wenzi wao, zikaingia katika mlangobahari wa Msumbiji, na kwa majuma machache zikazamisha meli zaidi ya ishirini. Mwaka 1943 Wajerumani nao wakaja. Nyambizi zao kumi na moja zilitumwa kutoka Ulaya kwa jina la kundi la Monsuni, yaani pepo zile zile zilizoleta majahazi Zanzibar kwa karne nyingi. Zilizonusurika njiani zilikuwa chache. Zilikaribishwa na Wajapani katika bandari ya Penang, Malaya, na kutoka hapo mataifa mawili yalizivizia meli za bahari moja.

Nyambizi ya Kijapani I-27 ilitoka katika bandari hiyo. Ilikuwa na urefu wa mita 108 na zaidi, na iliweza kwenda maelfu ya maili bila kurudi nyumbani. Yafaa kuilinganisha na nyambizi za namna nyingine, kwa maana neno moja huficha vitu viwili. Ujerumani ya Magharibi iliporuhusiwa kuwa na jeshi tena mwaka 1955, iliruhusiwa nyambizi ndogo tu, na mpaka wa kwanza ulikuwa tani 350. Ilianza kwa kuopoa mbili zilizozama mwishoni mwa vita. Mojawapo, Hai, ilizama tena tarehe 14 Septemba 1966, na kati ya watu wake 20 aliokoka mmoja. Nyambizi mpya za kwanza, za mwaka 1962, ziliundwa kwa chuma kisichovuta sumaku, ili mabomu ya majini yasizihisi, na chuma hicho kikapasuka kwa kutu. Baada ya marekebisho mengi zilipatikana, kati ya 1973 na 1975, nyambizi 18 za aina ya 206, zenye urefu usiotimia mita 50, nazo zilitumika mpaka zilipostaafishwa zote kufikia mwaka 2011. Kazi yake ilikuwa kuvizia katika maji mafupi ya Baltiki. Ni mbwa wa mlangoni. I-27 ilikuwa simba atembeaye usiku katika nchi ya wengine.

Meli Khedive Ismail ilikuwa na historia yake. Iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua. Mwaka 1935 iliuzwa kwa kampuni ya Misri, ikapewa jina la mtawala wa Misri wa karne ya kumi na tisa. Vita vilipoanza Waingereza waliichukua kubebea askari. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Kilindini katika msafara wa meli tano kwenda Colombo. Ndani yake mlikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, maofisa wake Waingereza na askari wake Waafrika. Wengine walikuwa mabaharia wa meli, askari wa majini wa Uingereza, na wanawake zaidi ya themanini, wengi wao wauguzi. Kikosi kilikuwa kikienda kuungana na majeshi ya Afrika ya Mashariki yaliyotangulia Ceylon kujiandaa kwa vita vya Burma.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi, katika mlangobahari uitwao wa Digrii Moja na Nusu. Walinzi wake walikuwa manowari kuukuu Hawkins, iliyoundwa katika vita vya kwanza, na manowari mbili nyepesi, Paladin na Petard. Saa nane na nusu mchana, baadhi ya abiria wakiwa katika ukumbi wakisikiliza muziki na askari wengi wakiwa vyumba vya chini, topito mbili za I-27 ziliipiga Khedive Ismail. Topito ni kombora liendalo chini ya maji kwa mashine yake lenyewe, na likipiga chini ya mstari wa maji hakuna ngama ya kuzibwa. Meli ililala ubavu, ikavunjika, ikatoweka kwa muda wa dakika mbili. Katika muda huo mtu aliye sitahani aweza kuruka. Aliye chini, katika giza, na ngazi zimekwisha kuwa kuta, hana la kufanya, awe ajua kuogelea au asijue.

Walioruka walibaki wakielea kwa mamia juu ya mafuta na mbao. Nyambizi nayo ilijificha chini yao. Hapo kamanda wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na mambo mawili mbele yake. Meli nne zilizobaki zilikuwa zimejaa askari, na I-27, ikiachwa, ingeweza kuzifuata. Akishambulia, mabomu yake yangelipukia chini ya watu wale wale waliokuwa wakingoja kuokolewa. Alishambulia. Mabomu yalitupwa kati ya waogeleaji, na wengine waliokwisha kunusurika topito wakauawa na mshindo wa mabomu ya upande wao.

Wengi wamemtetea, na hesabu yake haina kosa: maelfu katika meli nne ni wengi kuliko mamia majini. Lakini hukumu ya tukio hili isikomee kwa Egan, kwani yeye alipewa kuchagua kati ya vifo na vifo. Uchaguzi uliokuwa na nafasi ulifanywa kabla, Kilindini na London, pale ilipokubaliwa kwamba meli tano zilizojaa watu zivuke bahari yenye nyambizi za mataifa mawili kwa ulinzi wa manowari tatu, mojawapo ikiwa kongwe. Manowari za kusindikiza zilikuwa zikihitajiwa Atlantiki na Mediterania, na katika kugawanya kichache kilichopo Bahari ya Hindi ilipewa makombo. Walioilipia tofauti hiyo hawakushauriwa.

I-27 ililazimishwa kuibuka. Risasi za mizinga midogo hazikuupenya mwili wake. Paladin ilielekea kuigonga kwa omo, ikaamriwa iache, na katika kugeuka ubavu wake ukachanwa na pezi la nyambizi, maji yakaingia. Petard ikaanza kutupa topito zake moja moja. Sita zilikosa. Ya saba ilipiga, na baada ya pambano la saa mbili na nusu hivi I-27 ikazama pamoja na kamanda wake, Toshiaki Fukumura. Petard ilikuwa imepata kushinda nyambizi ya Kijerumani, U-559, mwezi Oktoba 1942, ambamo mabaharia wake wawili walikufa wakitoa vitabu vya siri, na ya Kiitalia mwezi Desemba mwaka ule ule. Kwa ushindi huu ilitimiza mataifa matatu. Vitabu vya Waingereza huitaja sana Petard kwa sifa hiyo.

Waliokufa walikuwa 1,297. Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Walipelekwa katika kisiwa cha Addu, Paladin ikivutwa na mwenzake. Bandari ile nayo haikuwa salama: tarehe 9 Machi 1944 nyambizi ya Kijerumani U-183, mojawapo ya lile kundi la Monsuni, ilitupa topito kupitia pengo la nyavu za ulinzi, ikaipiga British Loyalty, ile ile iliyozamishwa Diego Suarez na kuopolewa.

Kati ya waliozama alikuwamo Kenneth Gandar-Dower, mwandishi Mwingereza aliyepata umaarufu mwaka 1937 kwa kupeleka duma kumi na wawili kutoka Kenya hadi London ili washindanishwe mbio kama mbwa. Jina lake limo katika kila maelezo ya msiba huu, na duma zake pia. Habari za wauguzi nazo zimekusanywa kwa bidii, kwa kuwa wanawake 77 walikufa, na katika historia ya majeshi ya Jumuiya ya Madola hakuna tukio jingine moja lililoua wanawake wengi kiasi hicho. Bidii hiyo ni ya haki. Lakini wapiga mizinga, waliokuwa karibu theluthi mbili ya watu wote melini, huingia katika masimulizi kama namba ya kikosi. Hakuna anayesema walizungumza lugha gani wakati sakafu ilipoinama, ingawa si vigumu kujua: amri za jeshi lao zilikuwa za Kiswahili, na kila mmoja alikuwa na lugha ya mamake kwa lile neno la mwisho.

Maziko hayakuwapo. Katika mila za Wagusii, kama katika mila za jirani zao wengi, maiti huzikwa nyumbani, penye boma lake, na kaburi huwa ushahidi wa ardhi na ukoo. Mtu aliyechukuliwa na maji mbali hivyo aliwaacha wa kwao bila mahali pa kulilia, na mjane bila tarehe. Kikosi cha 11 cha Afrika ya Mashariki kiliendelea na safari yake. Katikati ya mwaka 1944 kiliingia Burma, kikashuka bonde la Kabaw katika mvua, na mwezi Desemba kikafika Mto Chindwin huko Kalewa. Waliorudi baada ya vita walivuka maji yale yale hadi Kilindini, wakapanda treni kwenda bara. Wasiokuwa na makaburi waliandikiwa ukuta wa ukumbusho katika makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye Barabara ya Ngong, na sehemu kubwa ya majina yaliyo juu yake ni ya watu wa Khedive Ismail.