Asili, Halisi na Hali ya Awali: Istilahi za Bunduki Kongwe

Mfasiri wa hati ya mnada au mirathi akikuta bunduki kongwe ya marisau yenye mitutu miwili, neno "asili" humpotosha. Kwa msomaji wetu, "bunduki ya asili" ni gobore la mhunzi wa kijijini. Ilhali mthamini wa London anakusudia bunduki isiyobadilishwa tangu itoke kwa fundi wake.

Historia yatufaa hapa. Chama cha mafundi bunduki wa London kilipata hati ya kifalme mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Katika nyumba hizo mtutu hujaribiwa kwa shindo kubwa kuliko la kawaida, kisha hupigwa chapa. Hiyo si "chapa ya ushahidi", bali "chapa ya majaribio". Mtutu ukikwanguliwa ndani ukapanuka kupita kiasi, hauuziki kisheria mpaka ujaribiwe upya.

Mthamini hulinganisha pia nambari za mitutu, mtambo na kishikio cha mbele. Kisha hutazama rangi ya chuma: iliyotiwa upya hupendeza macho, lakini mara nyingi hushusha bei. Basi bunduki yaweza kuwa kazi ya fundi anayetajwa, na isiwe tena kama alivyoiacha.

Kwa hiyo twapendekeza "halisi" kwa isiyo ghushi, "hali ya awali" kwa isiyobadilishwa, na "asili" libakie kwa chimbuko. Kuyachanganya matatu haya ni kupotosha thamani, na pengine kumdhulumu mrithi.