Kifungo cha Nje au Kazi ya Kurudi?

Barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko, huku Nile Magharibi, Uganda, hupita Manibe. Ukikaa pembeni mwake siku ya soko utasikia lugha nne kabla chai haijapoa: Kilugbara cha wenyeji, Kinubi, Kilingala kilichovuka mpaka kutoka Ariwara, na Kiswahili cha madereva, askari na wachuuzi. Kwa mtu aliyefungwa, Kiswahili hicho cha barabarani kina usemi mfupi: "Yuko ndani." Akiachiwa, "Ametoka." Hakuna anayeuliza ndani ya nini, wala katoka wapi.

Usemi huo umenikaa moyoni miaka mingi, maana ndani ni neno zuri mno kupewa jela. Mgeni tunamwambia karibu ndani. Mwali huwekwa ndani. Chakula kikiiva huandaliwa ndani. Nje ndiko kwenye mvua na giza na mbwa wa watu. Kwa mfungwa peke yake maneno haya yamegeuzwa: ndani ndiko ugenini, nje ndiko kwao. Atakayemtafutia mfungwa njia ya kurudi kwa watu wake aanze kwa kukumbuka hilo.

Majina ya jengo lenyewe karibu yote tumeyapokea. Gereza, kwa maelezo ya wengi wanaochunguza asili za maneno, ni igreja ya Wareno, yaani kanisa. Likahamia kwenye ngome, na kutoka ngome likaingia kwenye kufungwa. Safari hiyo inaonekana kwa macho kule Mombasa: Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, Waingereza waliigeuza kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Jela ni Kiingereza kitupu, na rumande vilevile. Mahabusu limetoka Arabuni. Ng'ambo ya mpaka, Kongo, watu husema boloko. Hata Arua yenyewe: wapo wazee wanaosimulia kwamba jina la mji lilitokana na aru, neno la Kilugbara la jela, kwa sababu huko kilimani ndiko wakoloni walikowaweka watu. Waingereza walianzisha boma lao hapo mwaka 1914. Wanaisimu waamue watakavyo. Mimi naisikiliza simulizi hiyo kwa kile inachokumbuka.

Kitenzi, lakini, ni chetu. Funga. Kwacho tukapata mfungwa, kifungo na ufungwa, na tukapata mfungo wa Ramadhani. Kiswahili pia kina uwezo wa kutengua tendo kwa irabu moja tu: kunja, kunjua, ziba, zibua, funga, fungua. Ajabu ni kwamba mfungwa ana jina, na aliyefunguliwa hana. Tunamwita mfungwa wa zamani. Amemaliza miaka yake mitatu, ameacha nguo za njano za serikali kule kule gerezani, amepanda gari hadi Manibe, na neno la kwanza tunalompa ni lile lile la mwanzo, limeongezewa uzamani tu.

Kuna njia ya kumpitisha mtu kati ya kifungo na nyumbani bila kumtupa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili: kazi. Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1913, ile inayoitwa Sheria ya Huber. Mfungwa wa kosa dogo aliruhusiwa kutoka asubuhi kwenda kwenye ajira yake, akarudi jela jioni. Kiswahili hakihitaji kamusi ya sheria kulieleza jambo hilo, kwa kuwa kina vitenzi viwili ambavyo lugha nyingi hazina kwa wepesi huo: anashinda kazini, analala gerezani. Afrika Mashariki tumeelekea zaidi upande wa pili wa vitenzi hivyo: anashinda kwenye kazi ya umma, analala nyumbani kwake. Kenya ilitunga sheria yake ya huduma kwa jamii mwaka 1998, Uganda mwaka 2000, Tanzania mwaka 2002. Kabla ya hapo, Septemba 1996, wajumbe kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Kampala kuzungumzia hali ya magereza ya bara hili, na tamko lao likahimiza adhabu za namna hii badala ya kuwarundika watu. Kurundika ndilo neno lenyewe. Magereza ya Uganda katika miaka ya karibuni yameshikilia watu zaidi ya 70,000, zaidi ya mara tatu ya nafasi zilizokusudiwa.

Magazeti ya Kiswahili adhabu hizi zisizo za jela zote huziita kifungo cha nje. Aliyewekwa chini ya uangalizi ana kifungo cha nje. Aliyeachiwa kwa sharti la kutotenda kosa tena, kifungo cha nje. Aliyeamriwa kufagia hospitali ya wilaya miezi mitatu, kifungo cha nje. Mambo matatu yenye sheria tatu, jina moja, na jina lenyewe bado limeshika kufuli. Mama muuza mihogo akiambiwa mwanawe amepewa kifungo cha nje anasikia kifungo. Neno nje linampita.

Neno la kigeni lililo karibu na jambo hili nalipenda zaidi. Tanzania ilipounda bodi zake za parole kwa sheria ya 1994, ililichukua neno hilo kama lilivyo. Asili yake ni Kifaransa, na maana yake ni neno: mtu anatoka kwa kutoa neno lake la heshima kwamba hatavunja sharti. Mswahili asingeshindwa kulitafsiri. Tunasema mtu ametoa ahadi, ametoa kauli, na kauli ya mtu mzima ina uzito. Hatukulitafsiri, na likabaki ofisini.

Neno kazi nalo linahitaji uangalifu, kwa sababu limepita mikono mibaya. Nyapara wa gerezani ni nyampara wa misafara ya karne ya 19, kiongozi wa wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani. Katika magereza ya Uganda mfungwa anayewasimamia wenzake huitwa katikkiro, cheo cha waziri mkuu wa Buganda. Katiba ya Uganda, ibara ya 25, inakataza kazi ya kulazimishwa, halafu inaitoa nje ya katazo hilo kazi inayotokana na hukumu ya mahakama. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2011 ilionyesha upenyo huo ulivyotumika: wafungwa wakipelekwa kulima mashamba ya watu binafsi, wagonjwa kwa wazima, na wanaochelewesha jembe wakipigwa. Walikuwa nje, na walikuwa kazini. Hiyo haikuwa njia ya kurudi popote. Kwa hiyo tofauti haiko kwenye kutoka nje wala kwenye kushika jembe. Iko kwenye kazi inamwelekeza mtu wapi, na kwa nani.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2000, kwa maneno yake, inamwelekeza nyumbani. Inahusu makosa madogo, yale ambayo kifungo chake hakizidi miaka miwili. Kazi haizidi miezi sita, wala saa nane kwa siku, na hufanywa kwenye taasisi ya umma chini ya msimamizi. Kwa mkulima wa Nile Magharibi, hesabu hiyo ya miezi ina maana ambayo mwanasheria wa Kampala huenda asiione. Mfunge mtu kuanzia Machi mpaka Agosti, umemnyima msimu. Maharage hayakupandwa, simsim haikupandwa, mihogo haikupaliliwa. Ada ya shule imekosekana. Ardhi ya kimila isiyolimwa huanza kupata wasemaji. Aliyeiba kuku anatoka akiwa na deni ambalo kuku mia hawalilipi, na mtu wa hivyo ni rahisi kurudi ndani. Anayeshinda kwenye uwanja wa shule na kulala kwake anaweza kushika jembe alfajiri kabla ya kwenda, na mkewe anajua usiku yuko wapi.

Niliwahi kumwona mmoja, kwenye uwanja wa kituo cha afya. Alikuwa na fyekeo, lile la bapa lililopinda kwenye ncha, na alikuwa amevaa shati lake mwenyewe, la mistari, lililotoka rangi mabegani. Kina mama wenye watoto mgongoni walimpita. Mzee mmoja naye alimpita, akasimama, akarudi hatua mbili, akamnyooshea mkono. Kijana akahamisha fyekeo mkono wa kushoto, akafuta wa kulia kwenye suruali, wakasalimiana kwa kirefu kama ilivyo desturi. Siku nyingine, kwenye barabara hiyo hiyo, nimewaona wafungwa wa nguo za njano wakifyeka mtaro, askari na bunduki nyuma yao. Nyasi zilikuwa zile zile, na fyekeo lile lile. Hakuna aliyewanyooshea mkono, wala wao wasingethubutu kuupokea.

Nilitafuta neno la mkono ule wa mzee, na nililikuta pale nisipolitarajia. Kitenzi kurudi, ambacho leo tunakijua kwa maana ya kurejea, kamusi za zamani za Kiswahili zinakipa pia maana ya kuadibu. Kumrudi mtoto ni kumkanya na kumtia adabu. Marudi ni adhabu ya kumrekebisha mtu. Wapo wazee wa pwani wanaosema hivyo hadi leo. Lugha iliweka adhabu na kurejea katika kitenzi kimoja, kana kwamba aliyeitumia hakuwaza kumwadhibu mtu asiyetarajiwa kurudi. Sisi tulivitenganisha: adhabu tukaipeleka kwa funga, kurejea tukakuachia nauli ya gari.

Na Manibe kurudi si neno la kamusi. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979 na majeshi yakaingia Nile Magharibi, watu wa huku walikimbia maelfu kwa maelfu, wengine Sudan, wengine Zaire. Walikaa kambini na mashambani kwa watu, kisha katika miaka ya 1980 wakarudi, wakakuta vichaka palipokuwa na nyumba. Karibu kila ukoo una mtu anayehesabu miaka kwa kurudi: kabla hatujarudi, tuliporudi, mwaka wa pili wa kurudi. Waliorudi walipokewa na waliotangulia, wakaonyeshwa mpaka wa shamba, wakagawiwa mbegu. Ndiyo maana nataka mtu anayefyeka uwanja wa kituo cha afya apewe neno hilo hilo. Jirani anayesikia kifungo hukumbuka kosa. Anayesikia kurudi hukumbuka na yeye alivyorudi, na nani alimpa mbegu.

Napendekeza, basi, kazi ya kurudi. Kwa ile ya Wisconsin iwe kazi ya kurudi ya kutwa, na kwa amri ya mahakama zetu iwe kazi ya kurudi bila nyongeza. Uangalizi ubaki uangalizi, na kuachiwa kwa sharti kuitwe hivyo hivyo. Wakati ni mzuri. Kiswahili kimo katika katiba ya Uganda tangu mabadiliko ya 2005, mwaka 2019 serikali iliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakipitisha kuwa lugha rasmi. Istilahi nyingi za mahakama bado hazijakauka.

Kwenu wakalimani wa mahakama za Arua na Koboko, nanyi mtakaoandika kamusi za sheria za Uganda: hakimu atakapotoa amri hii, msimwambie yule mama kwamba mwanawe amepata kifungo cha nje. Mwambieni amepewa kazi ya kurudi, na kwamba leo usiku atalala nyumbani.