Waya mmoja: toka nyaya 35 za Munich mpaka pini ya chaja

Vijana wenzetu, na nyinyi dada na kaka wa mashirika mnaotusoma, safari hii tunaongelea waya. Siyo waya wa kuanikia nguo. Ni ule waya mmoja mwembamba ambao chaja, betri au kifaa kingine kidogo kinautumia kujitambulisha kwa kifaa kikubwa. Kuna laptopu nzima kabisa zinawekwa kando hapa kambini kwa ajili ya waya huo. Tutafika huko, ila tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1809, katika mji wa Munich, daktari mmoja aitwaye Samuel Thomas von Sömmerring alitengeneza telegrafu ya umeme. Kila herufi ilikuwa na waya wake, na kila tarakimu pia. Jumla nyaya 35. Ukipeleka umeme kwenye waya wa herufi fulani, kule upande wa pili mapovu yanatokea kwenye ncha ya waya huo ndani ya maji yenye asidi, na msomaji anajua ni herufi gani. Ilifanya kazi kweli. Lakini hebu fikiria kununua nyaya 35 kutoka mji mpaka mji! Nani angelipa? Mwaka 1837 Waingereza William Cooke na Charles Wheatstone walikuja na telegrafu ya sindano tano. Nyaya zikapungua sana, na bado watu wakalia bei, mpaka wenyewe wakashuka kwenye sindano mbili, kisha moja.

Aliyetufurahisha zaidi ni Carl August von Steinheil, naye wa Munich. Umeme unataka njia ya kwenda na njia ya kurudi, kwa hiyo hata ukibana vipi unabaki na nyaya mbili. Mwaka 1838 alijaribu kutumia reli za treni kati ya Nuremberg na Fürth kama nyaya zake mbili. Jaribio likagoma, maana umeme ulivuja ukapita ardhini toka reli moja kwenda ya pili. Mwingine angefunga vyombo akaenda zake. Yeye akajiuliza: kumbe ardhi yenyewe inapitisha umeme, sasa waya wa kurudia tunaununua wa nini? Akafukia bamba la metali kila upande, na ardhi ikawa ndiyo njia ya kurudi. Nusu ya waya ikaokolewa hapohapo.

Huko Marekani, Samuel Morse na wenzake walimaliza tatizo la herufi. Badala ya kuipa kila herufi waya, waliipa muda: mguso mfupi, mguso mrefu. Tarehe 24 Mei 1844 ujumbe ulitoka Washington ukafika Baltimore kwa mtindo huo. Ukichanganya akili ya Steinheil na ya Morse, waya mmoja unatosha kwa maneno yote ya dunia. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki iliunganishwa hivyo: mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari ilitoka Aden ikafika Zanzibar, ikaendelea Msumbiji mpaka Durban.

Sasa turuke zaidi ya miaka mia. Kampuni ya Dallas Semiconductor ya Texas ilikuwa na tatizo lilelile la Sömmerring, ila kwa udogo: vifaa vidogo ni vingi, na kila waya au pini inaongeza gharama na sehemu ya kuharibika. Jibu lao waliliita 1-Wire. Waya mmoja unabeba data, na kapasita ndogo ndani ya chipu inajaza umeme wakati waya umetulia juu, halafu chipu inauishi huo umeme waya unaposhushwa. Yaani chakula na maneno vinapita mlango mmoja. Na herufi? Ni Morse tena! Waya ukishushwa kwa muda mfupi, chini ya mikrosekunde 15, ni moja. Ukishushwa kama mikrosekunde 60, ni sifuri. Tukiwa wakweli, kuna waya wa pili, wa kurudia. Kwenye michoro unaandikwa GND, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya ardhi. Steinheil bado yupo humo.

Kila chipu inatoka kiwandani na namba yake ya biti 64, haifanani na nyingine yoyote. Kwa hiyo nyingi zinaweza kukaa kwenye waya mmoja, na kompyuta ikaziita moja moja kama mwalimu anavyoita majina darasani. Kuanzia mwaka 1995 abiria wa Istanbul walilipia mabasi kwa kugusisha kitufe cha chuma chenye chipu ya namna hii.

Namba hiyo ndiyo iliyoleta mambo. Kuna chaja za laptopu zenye pini nyembamba katikati ya mdomo. Umeme wa kuchaji haupiti hapo, yanapita maneno tu: chaja inasema mimi ni wati 65, au 90. Pini ikipinda, au uzi wake ukikatika karibu na shingo, laptopu inawaka lakini betri haipandi, na skrini inaandika kwamba chaja haitambuliki. Hapa kwetu mtu akiona hivyo anasema betri imekufa. Tumeona laptopu za mafunzo zikirudishwa stoo hivyo, huku darasani watu wanne wanagombania mashine moja.

Tunakubali kwamba chaja ijitambulishe. Chaja dhaifu ikilazimishwa inapata moto, na nyumba zetu za turubai tunazijua. Ila kampuni nyingine zimeigeuza njia hii kuwa geti, kwenye betri na katriji za wino, ili mtu anunue kwao tu hata kama kifaa cha mwingine ni kizima. Hapo hatukubaliani nao. Sisi tunaopanga foleni na namba ya kadi tunajua ilivyo kuwa mzima na kuambiwa hutambuliki.

Type-C nayo, iliyotoka mwaka 2014, ina waya wake wa maongezi. Chaja na simu zinaelewana kwanza hapo. Zisipoelewana, zinabaki kwenye volti 5. Tofauti ni kwamba lugha yake ni ya kampuni zote. Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa simu mpya tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa laptopu umeweka tarehe 28 Aprili 2026. Lakini laptopu za msaada zinatufikia zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa, kwa hiyo zile za pini ya katikati bado tutakaa nazo. Kabla hamjanunua betri, jaribuni chaja nyingine ya aina ileile, na fundi aikague ile shingo ya waya.