Mathenge: Mgeni Tuliyeletewa Akakataa Kuondoka

Hebu kumbuka insha ya mazingira ya shule ya msingi. Mwanzo ni ule ule: "Mti ni uhai." Katikati unaandika kwamba ukataji miti huleta ukame. Mwisho unafunga na "tupande miti kwa wingi." Mimi nilikuwa napata alama safi sana kwa insha hiyo. Na nilikuwa naiandika nikiwa Garissa, nje ya dirisha kukiwa na mti uliopandwa kwa wingi mpaka ukatushinda. Manze, hakuna aliyeona kichekesho. Si mimi, si mwalimu.

Mti wenyewe ni mathenge. Ayeyo wangu anauita Ali Garob, na wazee wengi huku wanauita hivyo. Wataalamu wanauita Prosopis juliflora. Kwao ni Amerika ya Kusini, Amerika ya Kati na Karibea. Sasa ulifikaje huku?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka Nambari 10, uliosema pesa za maendeleo ziende kwanza mahali penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Yaani sisi wa Kaskazini Mashariki tusubiri. Halafu ukame wa miaka ya 70 ukaja, na wakubwa wakaanza kuogopa jangwa na uhaba wa kuni. Wakatafuta mti usiojali jua wala chumvi kwenye udongo, unaokua haraka na kutoa kuni nyingi. Mathenge ulikuwa na sifa hizo zote.

Mbegu zilifika Kenya mwaka 1973 kutoka Brazil na Hawaii, zikapandwa Bamburi, Mombasa, kufunika machimbo ya kiwanda cha saruji. Mwanzoni mwa miaka ya 80 mti ukapelekwa Baringo, katika mradi wa serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Ukapelekwa pia Bura, Tana River.

Bura ndiyo inatuhusu sisi. Pale kulikuwa na mradi mkubwa wa kumwagilia mashamba ya pamba, Benki ya Dunia ikiwa mmoja wa wafadhili. Familia zililetwa kutoka sehemu nyingine za nchi, na familia zinapika. Hofu ilikuwa kwamba wageni hao wangemaliza msitu wa kando ya mto. Kwa hivyo, kwa msaada wa Ufini, yakaanzishwa mashamba ya kuni, na mathenge ukawa kati ya miti iliyopandwa. Ukitazama ramani, Bura iko chini ya mto huu huu wa Tana tunaokunywa maji yake Garissa.

Sisemi watu hao walikuwa wabaya. Walikuwa na hesabu zao, na kwenye karatasi hesabu zilikubali. Lakini kuna mtu mmoja hawakumuweka kwenye hesabu: mbuzi.

Ganda la mathenge lina sukari. Mbuzi analipenda kama mtoto anavyopenda peremende. Mbegu ni ngumu, haisagiki tumboni. Mbuzi anatembea nayo kilomita kadhaa, kisha anaitoa pamoja na mbolea yake, tayari kwa kuota mvua ikinyesha. Tana nao ukifurika unabeba maganda na kuyatupa kila mahali. Yaani umeleta mti unaosafiri kwa mifugo, ukaupanda kwenye nchi ya wafugaji. Mchungaji yeyote angekuonya kabla hujamaliza kueleza mradi wako. Ila wachungaji sio waliokuwa wakiulizwa.

Kilichofuata unakijua ukiishi huku. Vichaka vikafunga. Nyasi chini yake hazioti vizuri. Malka, zile njia za kupeleka mifugo mtoni, zikaanza kuzibwa. Mfugaji ambaye zamani alishuka moja kwa moja kunywesha ng'ombe sasa anazunguka, au anapita kwenye shamba la mtu, na hapo ugomvi unaanza. Miiba yake inatoboa kwato, inatoboa viatu, inatoboa tairi. Muulize fundi yeyote wa pancha.

Waliopiga kelele wakasikika nchi nzima ni Ilchamus wa Baringo. Mwaka 2006 walienda mahakamani kuishtaki serikali, na ushahidi wao mmoja ulikuwa mbuzi asiye na meno. Watu walicheka. Lakini yale maganda matamu yakiliwa kila siku huharibu meno ya mbuzi, na mbuzi asiye na meno hali, na asipokula anakufa. Kwa familia ya wafugaji hiyo ni karo na chakula vimekwenda. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mathenge kuwa gugu hatari kisheria. Yaani mti uliopandwa na mradi wa serikali ukawa adui rasmi wa serikali, katika muda usiofika miaka 30.

Na hatukuwa wa kwanza. Sudan waliupokea mti huu mwaka 1917, na baadaye wakahangaika kuuondoa. Majirani zetu Waafar wa Ethiopia wamepoteza malisho mengi kwa huo huo. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na mwenyeji akaugua.

Najua kuna msee atasema mathenge unalipa. Ni kweli, makaa yake ni mazuri, maganda yakisagwa vizuri pamoja na mbegu zake ni chakula cha mifugo, na kivuli chake nimekikalia sana. Tuutumie, sina shida. Lakini ukikata shina juu juu bila kung'oa, unachipua matawi mengi kuliko mwanzo. Na pasipo macho ya kuangalia, mgunga wetu wa asili nao unaingia kwenye gunia la makaa, unauzwa kwa jina la mathenge.

Kwa nini naleta stori hii leo? Kwa sababu tuko tena kwenye msimu wa kupanda. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi sikukuu ya kitaifa tukapande miti, mwezi ambao Garissa yenyewe ilikuwa inapambana na mafuriko. Wanafunzi ndio wanaobebeshwa miche, wanapigwa picha, wanarudi nyumbani. Ni nadra mtu kuwaambia ule ni mti gani na umetoka wapi.

Sisemi tusipande. Nasema idadi haitoshi. Miaka ya 80 pia kulikuwa na idadi, pesa za wafadhili na wataalamu wenye digrii. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na mfugaji na kumuuliza maswali mepesi. Kama uko kwenye klabu ya mazingira shuleni, kazi yako ya kwanza iwe hiyo, kabla hujashika jembe.

Siku moja binamu yangu wa Gredi ya 7 alikuja nyumbani na mche aliopewa shuleni, amefurahi kweli. Ayeyo aliushika, akaugeuza majani, akamuuliza: "Huu unaliwa na nani? Na akishaula, anakuwaje?" Binamu akanitazama mimi, mimi nikatazama chini.

Ayeyo hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Lakini swali lake lingeulizwa Bura miaka 40 iliyopita, huenda malka zetu zingekuwa wazi leo.