Wapangaji wa Ng'ambo

Kiswahili kina mzaha wake. Anayechora ramani ya mji tunamwita mpangaji, na anayelipia chumba cha uani kila mwezi naye ni mpangaji. Historia ya Ng'ambo, Unguja, ni habari ya hawa wawili na jinsi walivyopishana.

Ng'ambo maana yake upande wa pili, na jina hilo limetoka kwa aliyesimama Mji Mkongwe akatazama mashariki, kuvuka mkono wa bahari. Ule mkono ulifukiwa kidogo kidogo, leo ni barabara ya Darajani. Maji yamekwisha, jina limebaki.

Miaka ya 1920 mkaazi wa Ng'ambo alikuwa na nyumba yake ya udongo na makuti, aliyoijenga kwa jasho lake. Ila kiwanja hakikuwa chake. Kilikuwa cha tajiri fulani au cha wakfu, naye alikilipia kodi. Yaani una ukuta, una paa, una mlango, lakini ardhi uliyoisimamishia nyumba ni ya mwenzio, na akipandisha bei huna pa kuipeleka nyumba. Bei zikapanda kweli. Mwaka 1928 watu wakagoma kulipa, kinamama wakiwa mstari wa mbele, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati kudhibiti kodi za viwanja. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mkaazi wa Ng'ambo, alikwenda Bombay kurekodi santuri. Wengi wetu tunamjua Siti kupitia wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Mimi napenda kumkumbuka pia kama jirani wa wagomaji.

Hebu sasa mtazame yule mpangaji mwingine. Mwaka 1923 Lanchester, Mwingereza, alikwisha andika mpango wa mji. Mwaka 1958 akaja Kendall na wake. Katikati hapo, miaka ya 1940, serikali ilijenga kituo cha jamii Raha Leo. Jina zuri hilo! Wazo lilikuwa kuwapa watu wa Ng'ambo mahali pa kukutana na kustaarabika kwa mtindo uliompendeza mtawala. Januari 1964 wanamapinduzi wakakifanya Raha Leo makao yao makuu. Sidhani kama mchoraji aliliwazia hilo.

Baada ya Mapinduzi ardhi yote ikatangazwa kuwa ya serikali. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko jengo lolote, maana ndiyo iliyojibu swali la 1928: kodi ya kiwanja ilikwisha. Lakini ukimuuliza mtu leo Karume aliifanyia nini Ng'ambo, atakuonyesha Michenzani. Mpango wa 1968 ulichorwa na wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki, akiwemo Hubert Scholz, na ukazaa majumba kumi marefu kama treni, yamepangwa kwenye barabara mbili zinazokatana. Nia ilikuwa usawa wa wazi kabisa: mnyonge apate nyumba ya mawe, umeme na maji ya bomba, kama aliyekaa Mji Mkongwe. Siwezi kuidharau nia hiyo. Ila ili treni zipite ilibidi nyumba za watu zibomolewe, na mabaraza yake yakaenda nazo. Baraza si pambo. Ndipo mzee anapokaa, mama anapouzia vitafunio, na habari ya msiba inapofikia kwanza. Mtu wa ghorofa ya tano ataliweka wapi?

Mwaka 1982 Wachina nao wakachora mpango wao. Huo nitaupita, tayari mmeona mtindo.

Miaka ya 2010 ukaja mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ambapo idara ya mipango miji ya Zanzibar ilishirikiana na wataalamu kutoka Uholanzi. Hapa angalau mitaa ilipitiwa kwa miguu, na yaliyoandikwa kwenye ramani hayakuwa barabara tu: mabaraza, misikiti, majengo ya kumbukumbu za watu wenyewe. Lile "tu" la jina ndilo linalonishughulisha. Ni sisi gani? Ardhi ni ya serikali bado, lakini nyumba zina wenyewe, na zenye mahali pazuri zinatafutwa. Ukipita leo Michenzani utaona maduka makubwa ya vioo kando ya treni za zamani. Mwenye nyumba ya karibu ana la kutegemea. Aliyepanga chumba chake cha uani, jina lake halimo kwenye karatasi yoyote.