Kitenzi "Piga" katika Ushahidi wa Vita: Masisi na Walikale

Mtafiti anayekusanya masimulizi ya vita huko Masisi na Walikale hukutana mapema na neno "walitupiga". Kisarufi neno hili limekamilika. Kwa mwanahistoria bado. Walipigwa kwa fimbo, kwa masasi (ndivyo risasi ziitwavyo huko), au kwa mizinga? Au walishambuliwa tu, wakashindwa na kukimbia?

Kitenzi hiki ni cha kazi nyingi. Twapiga kambi, magoti, picha na simu, wala hakuna anayeumia. Kwa hili Kiswahili hakiko peke yake: Wamalei hutaja saa kwa neno "pukul", lenye maana ya kupiga, na Waajemi nao hupiga simu kwa "zadan". Katika matumizi hayo, maana hasa hubebwa na nomino inayofuatana na kitenzi, na msimuliaji aliyeshuhudia mwenyewe mara nyingi haoni haja ya kuitaja.

Kiswahili kilienea mashariki ya Kongo pamoja na misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19, kikawa lugha ya kukutania kwa Wahunde, Wanyanga na majirani zao. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji ulihamishia Masisi familia nyingi kutoka Rwanda. Hao walikuja na kitenzi chao cha kazi nyingi, "gutera", ambacho ni kutupa, kupanda viazi, na pia kushambulia. Hivyo sokoni kila mmoja aliingia katika Kiswahili akiwa na mazoea ya lugha yake.

Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu maovu yaliyotendwa nchini inaanzia mwezi huohuo. Hapa ndipo kitenzi chetu kinapoleta taabu. Ushahidi wa Kiswahili ukiingizwa katika Kifaransa, mkalimani hulazimika kuchagua: "battre", "tirer", "bombarder" au "attaquer". Sentensi "walimpiga masasi" haisemi kama mtu alikufa. Mkalimani mwenye haraka akiandika "abattre", amekwisha kumuua mtu ambaye msimuliaji hakusema amekufa. Kinyume chake, "battre" huweza kugeuza shambulio zima kuwa ugomvi wa fimbo. Si jambo dogo, kwani hesabu za wafu hujengwa juu ya vitenzi hivi.

Masimulizi mapya yanaongezeka. Desemba 2023 wakazi wa Masisi hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi, na Machi wakaingia Walikale. Anayeandika ushahidi huo na aihifadhi sentensi ya Kiswahili kama ilivyotamkwa, kando ya tafsiri, na kabla ya kufunga daftari amwulize msimuliaji: walipiga kwa kitu gani, na aliyepigwa yuko wapi?