Akili, Elimu na Undugu katika Njombe na Makambako

Lugha ya Kiswahili hutenganisha mambo ambayo watu wa vipimo aghalabu huyachanganya. Akili ni jambo moja, elimu ni la pili, busara ni la tatu. Mtu aweza kusifiwa kwa akili na papo hapo akalaumiwa kwa kukosa utu, wala msikilizaji haoni mgongano wowote katika kauli hiyo. Neno msomi nalo lina sura mbili: ni heshima likitamkwa ukumbini, lakini likitamkwa jikoni na shangazi aliyenyimwa salamu huwa ni shutuma. Mada ya mhadhara huu imo katika pengo hilo. Je, mtu anapoongezewa akili kwa njia ya sayansi, undugu wake hupatwa na nini? Njombe na Makambako zinafaa kuchunguzwa kwa sababu huko nyongeza hiyo ilikuja kwa njia mbili: kwanza kwa shule, kisha kwa dawa.

Shule ilitangulia. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo cha Kidugala mwaka 1898, na vituo vingine kama Lupembe na Yakobi vikafuata. Kwamba wenyeji hawakuvipokea vituo hivyo kwa moyo mmoja ni dhahiri kutokana na mashambulizi ya Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, ambapo kituo cha Yakobi kilivamiwa. Aliyebatizwa alitakiwa kuacha matambiko. Sasa tambiko, pamoja na mambo mengine, ni mlo wa ukoo. Anayekataa tambiko amekataa kukaa na ndugu zake, hai na wafu. Kijana aliyejifunza kusoma alitengwa na meza ile kabla hajaanza kuringia herufi zake.

Hata hivyo ni jamaa hao hao waliolipa karo wakati wa utawala wa Waingereza. Wanaume wa Ubena walikwenda umanamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na sehemu ya ujira wao ikawa kalamu na sare za wadogo zao. Mwanahistoria James Giblin, akishirikiana na Blandina Kaduma Giblin, alieleza katika kitabu cha mwaka 2005 kuhusu Njombe namna familia zilivyojifanya kimbilio dhidi ya serikali iliyowatenga. Hoja hiyo ina nguvu, ila kimbilio nalo lina deni lake. Akili iliyonunuliwa kwa mgongo wa kaka haiwezi kuwa mali ya mwenye kichwa peke yake. Kaka hataipata tena nguvu yake ya ujana, na mdogo hana sarafu ya kuilipia. Kutokana na deni la namna hiyo, lisilosemwa wala kusahauliwa, hutoka ugomvi mwingi ambao watu huuita wivu.

Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere alilikabili tatizo hili waziwazi. Waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, wa Machi 1967, ulilalamika kwamba shule ilimtoa mtoto katika jamii yake na kumfundisha kudharau maarifa ya wazee wasiosoma. Miaka saba baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Kichwamaji, ambamo Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi kwao na maswali asiyoweza kuwauliza wazazi wake, na mwishowe anajiua. Mandhari ya riwaya hiyo ni ya Kanda ya Ziwa, si ya Nyanda za Juu Kusini, lakini msomaji wa Njombe haoni ugeni. Nje ya Afrika, Mmarekani Daniel Keyes alikwisha kuchapisha mwaka 1959 hadithi fupi, aliyoikuza kuwa riwaya mwaka 1966, juu ya Charlie Gordon, mtu mzito wa kuelewa anayeongezewa akili kwa upasuaji na kugundua kwamba waliokuwa wakicheka naye walikuwa wakimcheka yeye. Keyes aliwazia jambo hilo kama bahati mbaya ya mtu mmoja. Katika Nyanda za Juu lilijaribiwa kwa wilaya nzima, kwa nia njema, na kupitia kwa akina mama.

Udongo wa milima yenye mvua nyingi huwa umeoshwa madini ya iodini, na watu wanaokula mazao ya udongo huo hukosa madini hayo. Dalili inayoonekana ni rovu, yaani uvimbe wa tezi la shingo, uliokuwa wa kawaida mno katika Nyanda za Juu Kusini. Dalili isiyoonekana ni kubwa zaidi: mama mjamzito akipungukiwa iodini, hasa katika miezi ya mwanzo, ubongo wa mtoto haukui inavyopasa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wilaya ya Njombe ilikuwa miongoni mwa wilaya ambako serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini, kabla ya chumvi iliyotiwa madini hayo kuenea katika miaka ya 1990. Kiswahili cha afya kiliyapa jina la madini joto, jina ambalo halidokezi lolote kuhusu ubongo. Mama alimeza kidonge kwa ajili ya shingo. Kilichokuwa kikibadilishwa ni kichwa cha mtoto asiyezaliwa bado.

Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha utafiti kuhusu mpango huo. Walikadiria kwamba watoto ambao mama zao walikingwa wakati wa mimba walisoma zaidi kwa kati ya 0.35 na 0.56 ya mwaka, na kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Watafiti wengine baadaye walirudia hesabu hizo na kuona kuwa hazisimami imara hivyo, kwa hiyo hapana budi kuzitumia kwa tahadhari. Lakini zingatia namna zilivyofanywa: ndugu walilinganishwa na ndugu ndani ya nyumba moja. Aliyezaliwa kabla ya kidonge aliwekwa kando ya aliyezaliwa baada yake. Kwa mchumi huo ni ustadi wa kuondoa tofauti za umaskini na tabia za wazazi. Kwa mwenye kuishi katika nyumba hiyo ni kaka anayesemwa kuwa ana kichwa kizito akimtazama dada yake mdogo anavyompita darasani, na wote wawili hawajui kwamba huenda sababu ni tarehe. Methali husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jambo hili linatia shaka katika methali hiyo, na ni ajabu kwamba wanaisimu na wanafasihi wamewaachia wachumi peke yao.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Jackson Makweta, mbunge kutoka Njombe, aliongoza Tume ya Rais ya Elimu iliyotoa taarifa yake mwaka 1982. Tume ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, na kifike chuo kikuu mwaka wa masomo 1991/92. Serikali ilikataa, na Kiingereza kikabaki.

Sasa hesabu miaka. Mtoto aliyezaliwa Njombe mwaka 1990, mama yake akiwa amekwisha kumeza kidonge, kama alianza darasa la kwanza na umri wa miaka saba, alimaliza la saba mwaka 2003. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kupanua elimu ya sekondari uliozaa shule nyingi za kata. Watangulizi wake walikwenda shule za bweni, wengine wakipandia gari moshi la TAZARA pale Makambako, na utengano wao ulikuwa wa maili. Huyu alirudi nyumbani kila jioni. Baiolojia aliyofundishwa, pamoja na kazi ya tezi la shingo, ilikuwa katika Kiingereza. Jikoni kulisemwa Kibena na Kiswahili. Alipoulizwa na mama yake amejifunza nini siku ile, hakuwa na maneno ya kumweleza, na mama aliyemeza kidonge akadhani mwanawe anamficha.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungua tena mlango wa Kiswahili katika ngazi zote. Vitabu vya sayansi vya sekondari, hata hivyo, viliendelea kuandikwa kwa Kiingereza.